Implanti ya jino: uchague ipi na ufanyeje isikumalize hela

Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno hapa Dar. Sio daktari, kazi yangu ni kupokea simu, kuandika makadirio na kupokea malipo, kwa hiyo swali la "implanti shingapi?", yaani jino bandia la kupandikizwa kwenye taya ni bei gani, nalisikia asubuhi mpaka jioni. Ukweli ni kwamba kwenye simu hakuna anayejua. Anayekutajia bei bila kuona mfupa wako anakutajia bei ya skrubu, na skrubu ni kipande kimoja tu cha gharama. Kinachopandisha au kushusha bili ni mfupa uliobaki na muda uliopita tangu jino litoke, na hapo wewe mwenyewe una nafasi kubwa ya kuokoa hela kabla hata hujachagua kliniki.

Kitu chenyewe kina sehemu tatu. Chini kuna skrubu ya chuma cha titani inayozamishwa kwenye taya, mara nyingi upana ni milimita 3.5 mpaka 5 na urefu milimita 8 mpaka 13 hivi. Juu yake kuna kiunganishi, madokta wanaita abatimenti, halafu juu kabisa krauni, yaani lile jino linaloonekana ukicheka. Inakaa kwa sababu mfupa unakua na kung'ang'ania titani moja kwa moja. Aliyegundua hilo ni Msweden, Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950 alikuwa anachunguza mifupa ya sungura akitumia vifaa vya titani, alipotaka kuvitoa vikagoma, na mgonjwa wa kwanza wa meno aliwekewa mwaka 1965. Kushikana huko kunataka muda, taya la chini kama miezi 2 mpaka 3, la juu miezi 3 mpaka 6 kwa sababu mfupa wake ni laini zaidi. Kwa hiyo ukiona tangazo la "meno mapya siku moja" jua kwamba siku hiyo unaondoka na meno ya muda, ya kudumu yanakuja baadaye ukishapona.

Kuna za zirkonia pia, nyeupe, hazina chuma. Ni nzuri kwa mwenye fizi nyembamba sana ambaye kijivu cha titani kinaweza kuonekana, ila zina bei na madaktari wenye uzoefu nazo ni wachache. Kwa wengi wetu titani inatosha kabisa.

Hela inaokolewa siku ya kung'oa

Hii sehemu ndo wengi wanaikosa. Jino likitoka, mfupa uliokuwa unalishika unaanza kuyeyuka, na unayeyuka haraka zaidi miezi ile ya mwanzo, ndani ya mwaka upana wa mfupa unaweza kupungua hata nusu. Mtu anang'oa leo, anakaa miaka mitano na pengo, akija anaambiwa mfupa hautoshi, inabidi uongezwe kwanza. Magego ya juu ndo balaa zaidi maana juu yake kuna sainasi, uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa uso, mfupa ukiisha inabidi sakafu ya sainasi inyanyuliwe, na hiyo ni oparesheni yenye bei yake na uponaji wake wa miezi kadhaa.

Kwa hiyo kama jino bado liko mdomoni na dokta amesema halina jinsi, kabla hajachukua koleo muulize mambo mawili. Kwanza, je linaweza kung'olewa na implanti ikawekwa hapo hapo? Inawezekana kama hakuna usaha na kuta za mfupa ni nzima, na unaokoa oparesheni nzima moja. Pili, kama haiwezekani, je shimo linaweza kujazwa unga wa mfupa siku hiyo hiyo ili lisiporomoke? Unalipa kitu, lakini ni kidogo ukilinganisha na kuja kujenga mfupa upya baadaye. Na muombe ang'oe taratibu, agawe mizizi ya gego kuliko kulivunja pamoja na ukuta wa mfupa, dokta mzuri hatakasirika ukimwambia unafikiria implanti mbeleni, tena atashukuru umesema mapema.

Halafu kuna jambo watu wanaona aibu kuuliza. Unga wa mfupa wa aina nyingi unatokana na ng'ombe, na ile ngozi nyembamba inayofunika juu yake, ya kolajeni, nyingi zinatokana na nguruwe. Kama wewe ni Muislamu au una mwiko wowote, uliza kabla, zipo za ng'ombe na zipo za kutengenezwa maabara. Nimewahi kuona mama mmoja wa makamo amekaa kwenye kiti tayari ameshapigwa ganzi ndo anauliza, dokta akatoka kwenda stoo kutafuta nyingine, ikapatikana, lakini ingeweza isipatikane. Ulizeni mapema jamani, hakuna atakayewashangaa.

Sio kila pengo linahitaji implanti

Kliniki nayo ni biashara, atakayekwambia "hili liache tu" ni adimu. Mimi nasema hivi, gego la mwisho kabisa nyuma likitoka, na yaliyobaki yanakutana vizuri juu na chini, unaweza ukaishi bila kuliweka chochote. Kuna tafiti zilizofanyika hapa hapa Tanzania, matokeo yake yalichapishwa 2003, zikaonyesha kwamba watu waliobaki na meno ya mbele, magego madogo yote na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, wanatafuna vya kutosha tu. Hapo umeokoa bei ya implanti nzima kwa kutokufanya kitu.

Kwa yanayohitaji kujazwa, uchaguzi unaenda hivi.

Pleti, yaani meno bandia ya kuvaa na kuvua, ndo nafuu kuliko zote. Ya plastiki ngumu ni bei chee na inaongezeka jino likitoka lingine, ya chuma ni nyembamba na imara zaidi, ile laini inayopinda inapendeza machoni lakini ikilegea au jino lingine likitoka kuirekebisha ni shida, mara nyingi unatengeneza upya. Hakuna ubaya kuanza na pleti huku unadunduliza hela ya implanti, ila ujue haizuii mfupa kuyeyuka.

Daraja ni meno matatu yaliyoshikana, la katikati linaziba pengo na mawili ya pembeni yanachongwa yavalishwe krauni. Kama hayo ya pembeni tayari yana viraka vikubwa, daraja ni akili, unatengeneza matatu kwa mpigo. Kama ni mazima kabisa, kuyachonga ni kuyaonea. Kwa meno ya mbele kuna daraja la kubandika, lina ubawa mmoja unaogandishwa nyuma ya jino la jirani bila kulichonga sana, linafaa hasa kwa meno ya chini ya mbele na yale madogo ya juu pembeni ya meno mawili makubwa ya kati. Ni nafuu, linakaa miaka, na cha ajabu ni wagonjwa wachache wanaolijua. Kijana aliyepoteza jino moja kwenye ajali ya bodaboda na ana miaka 16, hili ndo lake, maana implanti haiwekwi mpaka taya limalize kukua, ukiiweka mapema meno mengine yanaendelea kushuka yenyewe inabaki juu.

Ukikosa meno mengi ndo hesabu inanoga. Mapengo matatu yaliyofuatana hayahitaji implanti tatu, mbili za pembeni zinabeba daraja la meno matatu. Na mzee ambaye taya la chini halina jino hata moja na pleti inamrukaruka akiongea, hahitaji kuwekewa meno 12 ya kupandikiza, implanti mbili tu mbele zenye vifungo, pleti inabana juu yake kwa sauti kabisa, tak. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walikubaliana kwamba implanti mbili na pleti ya kubana iwe ndo chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Kwa maoni yangu, katika huduma zote za implanti hii ndo inayorudisha thamani ya hela kuliko zote. Mzee aliyekuwa anakula uji na viazi vya kuponda anarudi kwenye nyama ya kuchoma.

Ile ya implanti nne zinazobeba meno yote ya taya bila kuvua, iliyoletwa na Mreno Paulo Malo, ni nzuri lakini ni hela ndefu, na usikubali kung'olewa meno yanayotibika ili tu uwekewe hiyo. Vilevile wale wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi ya kwenye maji, mnauliza sana kama mng'oe muweke implanti. Msing'oe! Hayo meno yana mizizi mizima, rangi inatibika kwa kusuguliwa, kupaushwa au kuvalishwa gamba la mbele, na hata ghali ya hizo ni rahisi kuliko implanti za meno kumi.

Implanti ndogondogo, zile za chini ya milimita 3, zinauzwa kama njia ya bei rahisi. Kwa kubana pleti au mahali pembamba sawa, kwa gego linalotafuna peke yake hapana, zinaelemewa.

Jinsi ya kusoma makadirio

Usiondoke kliniki na bei ya mdomo. Omba karatasi, na karatasi iwe na mistari: kumuona daktari, picha, skrubu na oparesheni, mfupa kama unahitajika, jino la muda, kiunganishi, krauni, na kurudi kuangaliwa. Nikupe mfano, namba hizi ni za kufundishia tu, sio bei ya mahali popote. Kliniki ya kwanza imetangaza implanti laki tisa. Unaenda, picha ya siti skani laki moja na nusu, kiunganishi laki tatu, krauni laki tano, mfupa laki sita, jumla milioni mbili laki nne na nusu. Kliniki ya pili ilikwambia milioni mbili kamili kila kitu ndani, ukaikimbia ukisema ni wezi. Umeelewa unavyopigwa? Na mara nyingi sio kwamba wamekudanganya, umeuliza "implanti shingapi" wakakujibu bei ya implanti.

Picha ya siti skani usiikwepe kuokoa hela. Ile ya kawaida ya taya zima inaonyesha urefu wa mfupa, haionyeshi unene, na kwenye taya la chini kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani, ukiguswa mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi. Ila picha ni yako, umeilipia, omba upewe kwenye flashi au kwenye simu ili ukitaka maoni ya daktari wa pili usilipie tena.

Jina la kampuni ya implanti liandikwe. Straumann ya Uswisi na Nobel Biocare ni za bei ya juu, Osstem, Dentium na MegaGen za Korea Kusini ni za kati na zimetumika kwa watu wengi sana, Neodent ya Brazil iko chini ya Straumann kwa bei nafuu kidogo. Ukichagua ya Korea badala ya Uswisi kwa jino la kawaida lenye mfupa mzuri, hujafanya dhambi. Cha kuogopa ni ile isiyo na jina, maana kila kampuni ina bisibisi zake na vipuri vyake, miaka kumi mbele kiskrubu kikilegea na hakuna anayejua ni ya nani, jino zima linaweza kuharibiwa kwa kukosa kispea kidogo. Boksi la implanti linakuja na stika ndogo za kubandua zenye jina, namba ya toleo na vipimo, kitu kama 4.0 kwa 10. Moja inabandikwa kwenye faili lako, wewe omba moja, bandika kwenye daftari la kliniki na ipige picha.

Uliza pia krauni itafungwa kwa skrubu au kwa simenti. Ya skrubu inafunguliwa ikasafishwa au kukazwa bila kukatwa, kwa hiyo matengenezo yake ya baadaye ni rahisi zaidi. Haiwezekani kila mara, hasa mbele, lakini inapowezekana ichukue.

Kulipa bila kuumia

Bahati nzuri kazi yenyewe imegawanyika, kwa hiyo malipo nayo yagawanyike. Unalipa oparesheni, unasubiri miezi ya kupona, ndo unalipa krauni. Hiyo miezi mitatu mpaka sita katikati ni muda wa kikoba kuzunguka au wa kuweka kidogo kidogo kwenye simu. Usilipe yote mwanzo eti kwa sababu ya diskaunti, labda punguzo liwe kubwa kweli na risiti iandike wazi umelipia nini. Hela ya krauni ikichelewa usipaniki, skrubu inaweza kukaa chini ya fizi miezi ya ziada bila tatizo, ila usiiache miaka, meno ya jirani yatainamia pengo na la juu litashuka, nafasi ya jino itapotea.

Bima nyingi zinahesabu implanti kama urembo. Lakini soma vizuri, kumuona daktari, kung'oa na picha mara nyingi zinalipiwa, kwa hiyo hizo zifanye kwa bima halafu toa mfukoni kwa kilichobaki. Ukipoteza jino kwa ajali kazini au barabarani, uliza upande wa bima ya ajali kabla hujaanza matibabu, na weka vielelezo vyote, PF3 (ile fomu ya polisi), picha na risiti.

Vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, kama MUHAS pale Muhimbili, Chuo Kikuu cha Nairobi au Makerere, ni pa kuulizia kwanza. Kazi inakwenda taratibu na foleni ipo, lakini kuna wabobezi wanaosimamia na kwa kawaida bei inakuwa chini ya kliniki za mjini. Popote uendapo hakikisha daktari amesajiliwa, huku bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar wana baraza lao, Kenya ni KMPDC na jina unaweza kulitafuta mtandaoni. Kisha muulize yeye mwenyewe, implanti kama yangu umeweka nyingi? Naweza kuona picha za kabla na baada? Fundi anayetengeneza meno mtaani anaweza kuwa hodari wa pleti, lakini akikwambia anaweka implanti, kimbia.

India na Uturuki? India bei ni nzuri na mabingwa wapo, lakini piga hesabu ya safari mbili, maana katikati kuna miezi ya kupona, visa, hoteli na mtu wa kukusindikiza. Kwa jino moja mara nyingi haikulipi, kwa taya zima inaweza kukulipa. Kabla hujaondoka tafuta daktari wa hapa atakayekubali kukuangalia ukirudi, na umuulize kama ana vifaa vya kampuni utakayowekewa. Uturuki shida niliyoiona ni watu kwenda kutengeneza mapengo mawili wakarudi wamechongwa mdomo mzima. Walioko Uingereza, Marekani au Omani wanaokuja likizo wafanye hivyo hivyo kinyume chake, oparesheni likizo hii, krauni likizo ijayo.

Mwili wako nao una bei

Sukari isiyotulia inachelewesha kupona, ishushe kwanza, hiyo ndo akiba yako. Sigara inaongeza hatari ya implanti kufeli karibu mara mbili, na shisha isikudanganye. Ukitumia dawa za mifupa au za saratani, au uliwahi kupigwa mionzi kichwani na shingoni, mwambie dokta hata asipouliza, kuna dawa zinazofanya taya lisipone. Fizi zinazovuja damu zitibiwe kwanza, na kama unasaga meno usiku, tenga hela ya kinga ya kulalia.

Zikiwekwa vizuri na kutunzwa, zaidi ya 9 kati ya 10 zinakuwa bado zipo baada ya miaka 10. Kutunza ni mswaki, uzi au kile kibrashi chembamba cha kupita katikati, na kwenda kusafishwa walau mara mbili kwa mwaka. Implanti haiozi lakini fizi yake inaumwa, na inaumwa kimya kimya mpaka mfupa umeliwa. Na chupa ya soda fungua kwa kifungulio.

Siku krauni ikianza kucheza, nenda ndani ya siku chache. Mara nyingi ni kiskrubu cha ndani tu kimelegea, kinakazwa dakika chache na unarudi kazini. Usibandike supaglu, ikiingia kwenye tundu la skrubu umeharibu kilichokuwa kizima. Ikiwa ni skrubu kubwa yenyewe inayocheza kwenye mfupa, hiyo imefeli, inatolewa, mfupa unaachwa upone kisha inajaribiwa upya, na nani analipia hiyo ya pili ni kitu cha kuandikwa kwenye makadirio yale yale ya mwanzo, kwa muda gani na kwa masharti gani, kabla hujasaini.